Hatua Nane kwa Hesabu Sita

Habari ilifika Koboko kabla yangu. Nilishuka kwenye takisi Jumamosi saa nne asubuhi nikiwa na begi la nguo chafu na mikate miwili ya kutoka Arua, na kabla sijavuka barabara mdogo wangu wa kiume alikuwa amekwisha kunipokea begi na kuninong'oneza: "Baba anajua."

Sikuuliza anajua nini. Kutoka Arua mpaka nyumbani ni kama saa moja na kitu kwa barabara ya lami, lakini simu haingoji lami. Binamu yake Mama, mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa mkabala na ukumbi mmoja mjini Arua, alikuwa ameniona Alhamisi jioni kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilikuwa nimeshikana mikono na mwanamume, muziki unalia, na haikuwa arusi wala kanisa. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

Baba alikuwa ameketi chini ya mwembe akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Aliitikia salamu, akauliza habari za masomo, akafunika kalamu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba karo anayolipa ni ya vitabu.

"Ni dansi, Baba," nilisema. "Inaitwa swingi ya Pwani ya Magharibi."

"Pwani ipi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Sisi watu wa West Nile tuna Mto Nile upande wa mashariki, tuna Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine, na kule Salia Musala unaweza kusimama mahali nchi tatu zinapokutana. Bahari hatuna. Nikamwambia ni pwani ya Marekani, kule California.

"Wangeiacha hukohuko," alisema, akafunua kalamu tena.

Basi nitaieleza hapa, kwa kuwa siku ile Baba hakunipa nafasi.

Ilianza mwezi wa kwanza. Mfaransa mmoja, fundi wa mitambo ya maji, alikuwa amekuja Arua kwa kazi za kambi za wakimbizi, kama wanavyokuja wengi, maana makao ya Rhino Camp na Imvepi yanahudumiwa kutoka huku kwetu. Kwao alikuwa amecheza dansi hii miaka mingi na hapa hakuwa na wa kucheza naye. Akabandika karatasi kwenye mgahawa tunapokula maharage wanafunzi: mafunzo ya bure, Alhamisi saa kumi na moja jioni, si lazima uje na mwenzi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonivuta. Rafiki zangu waliona ndiyo hasa dalili ya mtego.

Siku ya kwanza tulikuwa kumi na tisa, wengi wetu tumekuja kucheka. Baada ya mwezi tulibaki wanane, wasichana watano na wavulana watatu. Walioondoka walisema hii si dansi, ni kutembea tembea, kwa sababu hakuna kukata kiuno. Sikuwalaumu. Mtu aliyezoea ngoma zetu, zile ambazo agwara zikianza kulia mwili unajibu wenyewe kabla hujauruhusu, anaposimamishwa mbele ya mtu na kuambiwa "tembea hatua mbili," anahisi kama amerudishwa darasa la kwanza.

Chora akilini ujia mwembamba sakafuni, urefu wa mita mbili au tatu, upana wa mkeka. Dansi nzima inachezwa humo. Watu wawili wanatazamana, wameshikana mkono mmoja au yote miwili, kwa vidole tu, karibu na kiuno. Mmoja anaongoza na mwingine anafuata. Hesabu ya msingi ni sita. Moja na mbili ni hatua za kawaida za kutembea. Kwenye tatu na nne unaingiza hatua tatu za haraka, na kwenye tano na sita unaingiza tatu nyingine. Jumlisha, utapata hatua nane ndani ya hesabu sita. Ziko pia mbinu za hesabu nane, mashuhuri kati yake ikiitwa Mjeledi, lakini hizo huja baadaye.

Tatizo ni kwamba muziki wenyewe unakwenda nne nne. Ukianza pamoja na mpigo wa kwanza wa wimbo, mzunguko wako wa pili utaanzia katikati ya mapigo ya muziki, na ni mpaka umalize mizunguko miwili, hesabu kumi na mbili, ndipo wewe na wimbo mnakutana tena mlangoni. Mimi nilipoteza wiki mbili nzima hapo. Nilikuwa nahesabu kwa midomo huku nimekunja uso, na kijana niliyekuwa nikicheza naye aliniuliza kama ninasali.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: ujia ni wa anayefuata. Nilikwenda nikidhani kuongoza ni kumshika mtu na kumpeleka unakotaka. Sivyo. Anayeongoza anaanza kwa kurudi nyuma, anayefuata anamjia, moja, mbili, halafu anayeongoza anatoka njiani na kumpisha apite. Hambebi, wala hamzungushi kama gurudumu. Anafungua mlango na kusogea pembeni. Anayefuata naye si mzigo. Anaweza kuchelewa kidogo kwa makusudi, akaongeza pambo la mguu au la bega, akajaza nafasi aliyopewa kwa namna aipendayo, na anayeongoza hana budi kumsubiri. Mwalimu wetu alisema tofauti kati ya dansi hii na nyingine za ukoo wake ni hapo hasa, katika nafasi ya anayefuata kujibu.

Halafu kuna nanga. Mwisho wa kila mzunguko, kwenye ile tano na sita, wote wawili wanatia nanga: kila mmoja anauacha uzito wake utulie nyuma kidogo, mbali na mwenzake, mpaka mikono inajinyoosha na kati yao kunakuwa na mvutano mdogo, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa vizuri. Mzunguko unaofuata unatoka katika mvutano huo. Ukikimbilia mbele kabla ya kutulia, kamba inalegea, na mwenzako hana njia ya kukuambia chochote. Hilo ndilo kosa langu mpaka leo. Nafika kabla ya wakati.

(Na viatu. Hakuna aliyetuambia habari za viatu. Kandambili za tairi zinang'ang'ania sakafu ya saruji, goti linazunguka na mguu unabaki. Raba nazo ni hivyo hivyo. Tuliishia kuvaa soksi kuukuu juu ya raba, mpaka mmoja wetu alipogundua kwamba viatu vya ngozi vya mitumba, vile vya wazee, vinateleza vizuri ajabu. Tangu hapo ukumbi wetu ukawa na sauti ya wazee wanane wanaoharakia mkutano.)

Mwalimu alipenda historia kuliko wanafunzi wake walivyoipenda, lakini mimi nilisikiliza. Alisema mzizi wa swingi uko Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, ambako mwaka 1926 ulifunguliwa ukumbi ulioitwa Savoy Ballroom. Humo, mwishoni mwa miaka ile ya 1920, vijana weusi waliikuza dansi ya Lindy Hop kwa muziki wa jazi, na ulikuwa mmoja wa kumbi chache za nchi ile ambamo weusi na weupe waliruhusiwa kucheza kwenye sakafu moja. Frankie Manning, mmoja wa wachezaji wake wakuu, aliishi mpaka mwaka 2009 na katika uzee wake alizunguka dunia akifundisha. Katika miaka ya 1930 mchezaji mmoja mweupe, Dean Collins, aliyejifunza huko New York, alihamia Los Angeles na kucheza katika filamu za Hollywood. Huko California dansi ikanyooka, ikaacha kuzunguka, ikaingia kwenye ujia. Wapo wanaosema ni kwa sababu kumbi zilijaa watu, wapo wanaosema ni kwa sababu ya kamera, ili mchezaji asimpe mtazamaji mgongo. Mwaka 1988 jimbo la California liliitangaza kuwa dansi yake rasmi. Siku hizi inachezwa kwa bluzi, kwa nyimbo za redio, kwa chochote chenye mwendo wa nne nne kisichokimbia sana.

Nilipoyasikia hayo niliiwaza rumba. Watu weusi walipelekwa Kuba kwa meli pamoja na midundo yao, na katika miaka ya 1930 na 1940 midundo hiyo ilirudi Kongo ndani ya sahani za santuri. Wakongo walipoisikia hawakuhitaji kufundishwa, waliipokea kama mtoto aliyerudi nyumbani na nguo ngeni. Kinshasa na Brazzaville zikaitengeneza upya kwa magitaa, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Huku kwetu hatukungoja UNESCO. Koboko na Arua zimelala mpakani, redio za Kongo zilisikika kabla za Kampala hazijasikika vizuri, na Kilingala cha nyimbo tunakijua hata sisi tusioweza kununua nyanya kwa Kilingala.

Baba mwenyewe ana sanduku la kanda za Franco na OK Jazz. Husahihisha madaftari akizisikiliza kwa sauti ya chini, na anajua gitaa lipi linaingia lini. Lakini sijawahi kumwona akicheza, hata kwenye arusi ya kaka yangu, ambapo bibi wa miaka themanini na kitu aliinuka. Niliamini ni kwa sababu ya cheo chake cha mzee wa kanisa. Alhamisi moja nilimpa Mwalimu wimbo mmoja wa OK Jazz kutoka kwenye simu yangu, tukaujaribu. Sehemu ya kwanza, ile ya polepole, ilikubali swingi kama vile walikuwa ndugu. Seben ilipoingia tulishindwa wote, tukaachiana mikono, tukacheza tunavyojua sisi. Nilikuwa na hamu ya kumsimulia Baba jambo hilo. Ndilo nililokuwa nimelibeba kichwani siku ile kwenye takisi, kama zawadi, pamoja na mikate.

Mchana ule Shangazi alikuja kunisaidia kufua. Ni dada mkubwa wa Baba, mjane, nyumba yake iko nyuma ya yetu. Hakusema lolote mpaka tulipofika kwenye blanketi, lile zito la kijivu ambalo mtu mmoja hawezi kulikamua. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukaanza kusokota.

"Wanasema unacheza dansi na wanaume," alisema.

"Na wasichana pia. Ni mafunzo, Shangazi."

"Mnafundishwa nini?"

Nikamwambia, huku tunakamua, kwamba ni hiki hiki. Angalia, wewe umeegemea nyuma na mimi nimeegemea nyuma, hakuna anayemvuta mwenzake, lakini mmoja akiachia, mwingine ataanguka. Hiyo inaitwa nanga. Alitazama blanketi, akanitazama mimi. Tukalianika. Kisha akajipangusa mikono kwenye kitenge, akanishika vidole, akasema, "Haya, nionyeshe."

Nilianza kumhesabia. Sikufika tatu. Alikuwa amekwisha kurudi nyuma hatua moja, na mimi nilijikuta ninakwenda, sikusukumwa wala sikuvutwa, ila mbele yangu palikuwa wazi na upande mwingine hapakuwa wazi. Alinipitisha ubavuni pake, akanigeuza, akanirudisha nilipotoka. Haikuwa swingi, ilikuwa rumba, na hesabu zake zilikuwa nyingine. Lakini hakuna mtu katika ukumbi ule wa Arua, Mwalimu akiwemo, aliyewahi kuniongoza vile. Mkono wake haukufanya kitu. Vyote vilitoka kifuani.

"Unatazama miguu," alisema. "Miguu haina macho."

"Shangazi, umejifunza wapi kucheza upande wa mwanamume?"

Akaketi kwenye kigoda na kuvuta ungo wa maharage. Aliyonisimulia nitayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza.

Amin alianguka mwaka 1979. Mwaka uliofuata vita vilipofika huku, watu wetu walikimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Familia ya Babu ilivuka upande wa Zaire ikaishi huko miaka mitano, karibu na Ariwara. Shangazi alikuwa na miaka kumi na sita, Baba kumi na mmoja. Kulikuwa na baa, na nyuma ya baa kulikuwa na ua wenye ukuta. Wasichana wa Kikongo na wakimbizi walikutana humo jioni, wakacheza wao kwa wao muziki uliokuwa ukilia ndani, maana ndani hakuna msichana mwenye akili aliyeingia. Shangazi alikuwa mrefu kuwapita wote, kwa hiyo akapewa kazi ya kuwa mwanamume. Mdogo wake akapewa kazi ya geti. Akiona watu wenye bunduki barabarani, apige mluzi.

"Jioni moja ilikuja bendi," alisema Shangazi. "Siyo santuri. Bendi yenyewe, na magitaa. Baba yako aliacha geti akaenda kuchungulia dirishani. Mtoto, muziki ulikuwa mtamu. Wakaingia. Sisi tuliruka ukuta. Mmoja hakuweza kuruka."

Alichagua maharage kwa muda.

"Alirudi?" niliuliza.

"Alirudi. Siku ya nne. Hatukucheza tena pale."

"Na Baba alichapwa?"

"Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwambia hata neno moja." Akarusha maharage hewani, makapi yakapeperuka. "Nadhani tungemchapa ingekuwa afadhali."

Hoja niliyokuwa nimeiandaa kwa ajili ya Baba ilikuwa nzuri. Siku hizi katika swingi ya Pwani ya Magharibi hakuna sheria kwamba mwanamume ndiye anayeongoza. Wanawake wanaongoza, wanaume wanafuata, na wengi wanajifunza pande zote mbili. Nilikusudia kumwambia: basi nitaongoza mimi, hakuna mwanamume atakayenipeleka popote, una shida gani tena? Ni hoja ya kumshinda mtu kwenye mdahalo. Baada ya maharage yale niliona kwamba lilikuwa jibu la swali ambalo Baba hakuwa ameliuliza.

Hadithi ya Shangazi sikuitaja, haikuwa yangu kuitaja. Usiku, baada ya kula, nilimweleza ukumbi ulivyo. Uko barabara gani, tunaanza saa ngapi, tunamaliza saa ngapi, wasichana wanarudi vipi hosteli, nani anamlipa bodaboda tunayemfahamu. Baba alisikiliza kichwa kikiwa chini. Kisha kwa mara ya kwanza akaniuliza kitu.

"Milango mingapi?"

"Miwili. Wa mbele na wa nyuma. Wa nyuma umefungwa."

"Kwa nini?"

"Kwa kufuli."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Sikujua.

"Basi hujui mahali unapocheza," alisema Baba. Hakuwa mkali. Alisema kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari lenye kosa moja. "Ujue kwanza."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na mimi nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba "ujue kwanza" ni njia iliyoachwa wazi.

Jumatatu nilimtafuta mlinzi wa ukumbi. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa umepotea tangu mwaka uliotangulia. Kufuli lilikuwa na kutu, na kama moto ungetokea mbele sote tungebaki ndani. Alhamisi niliwaeleza wenzangu. Tukachanga, tukalikata lile la zamani, tukanunua kufuli jipya lenye funguo tatu, moja kwa mlinzi na mbili kwetu. Nikapendekeza pia kwamba kila Alhamisi mmoja wetu akae mlangoni kwa zamu, atazame barabara. Mwalimu alicheka, akasema hajawahi kuona darasa la dansi lenye askari. Nilimwambia tu kwamba baba yangu anauliza. Akaacha kucheka, akachukua zamu ya kwanza yeye mwenyewe.

Mkataba wake uliisha mwezi wa sita akarudi kwao. Alituachia spika na orodha ya nyimbo. Tulidhani kikundi kitakufa, na kwa kweli kwa wiki mbili kilikufa, kisha mmoja akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Leo zamu ya mlango ni ya nani?" tukafika wote. Kwa kuwa wavulana ni watatu tu, mimi ndiye ninayeongoza mara nyingi. Kila nikienda Koboko, Shangazi ananipa somo kwenye ua uliofagiliwa. Hapendi hesabu ya sita, anasema ni ya watu wanaoogopa muziki, lakini amenifundisha kuongoza kwa kifua na kuacha kutazama miguu. Baba akitupita humpa dada yake salamu na kwenda zake. Alhamisi saa kumi na moja kasoro dakika chache simu yangu hulia. Haulizi mengi.

"Nani yuko mlangoni?"

Namtajia jina. Anasema sawa, anakata.

Mwezi wa kumi alikuja Arua kwa shughuli za walimu. Alikuwa alale kwa binamu yake Mama, yule mwenye kibanda. Sikumtarajia ukumbini. Aliingia akiwa amevaa koti, akatusalimu wote, akamuuliza kijana aliyekuwa na zamu jina la baba yake na kijiji chake, kisha akamwambia aende akacheze. Akachukua kile kiti cha plastiki, akakigeuza kielekee barabarani, akaketi. Alikaa hivyo saa moja na nusu. Kila nilipoupitisha ujia upande ule niliuona mgongo wa koti na upande mmoja wa sikio. Hakugeuka hata mara moja. Tulipopiga ule wimbo wa OK Jazz, niliona mkono wake ukishika ukingo wa kiti, na seben ilipoingia na wenzangu wakaanza kupiga kelele, aliinuka, akasimama kizingitini, akazidi kutazama barabara.

Tulipofunga, alitaka kuliona kufuli la nyuma kwa macho yake. Alilivuta mara mbili. Kisha tukatembea pamoja mpaka kwa muuza rolex, akaagiza mbili, za mayai mawili mawili. Tulisimama karibu na jiko tukingoja.

"Kuna mmoja wenu," alisema, "anafika mapema. Kila mara, kwenye zile hatua za mwisho. Kiatu chake kinalia kabla ya wenzake."

"Ulikuwa unatutazama?"

"Nilikuwa natazama barabara."

Muuzaji alituzungushia chapati kwenye gazeti. Baba alilipa, akahesabu chenji, akaitia mfukoni, akanipa ile yenye pilipili.

"Mwambie angoje," alisema.